Macho ya Msichana wa Taa

Enzi hizo Tunduma ilikuwa bado mkoa wa Mbeya, na Jairo Kibona alikuwa fundi saa pale mtaa wa Sogea, kwenye kibanda cha mbao kilichoegemea ukuta wa chumba chake cha kulala. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaanza kumlia kazi, kwa sababu mtu mwenye simu hana haja ya kutazama mkono. Jairo hakulalamika. Asubuhi alifagia, akavaa lenzi yake jichoni, akatengeneza saa mbili tatu za madereva waliokwama foleni ya mpakani. Ikifika saa saba mchana, jua linapoingia sawasawa dirishani, alizifungia saa za watu kwenye droo na kutoa visanamu vyake.

Visanamu hivyo vilitoka kwa Nesta, mama wa mitumba aliyekuwa akivusha marobota ya salaula, yaani mitumba ya Zambia, kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka. Robota moja la midoli lilikuja na mfuko mzito wa fremu za plastiki ya kijivu, na kila fremu ilibeba viungo: vichwa, mikono, mapanga, mabawa, mikia. Nesta aliona takataka. Jairo aliona kazi ya mtu mwenye lenzi. Alimtengenezea Nesta saa yake ya ukutani, akapewa mfuko ule kuwa malipo.

Hapo ndipo ugonjwa ulipomshika. Alikata viungo kwa wembe, akavisugua kwa tupa ya saa, akaviunga kwa tone la supaglu lililochukuliwa kwa ncha ya pini. Wakatokea askari wenye pembe, wazee wafupi wenye ndevu hadi magotini, mijusi yenye mabawa, mifupa mitupu iliyoshika mikuki, na kila mmoja hakuzidi nusu ya kidole. Rangi alipewa makombo na mchora mabango, akaziweka kwenye vizibo vya soda. Brashi alizifunga mwenyewe kwa manyoya ya sikio la ndama. Watu wa Sogea tulimsema sana. Mtu mzima, mwimba kwaya wa Moravian, anacheza na midoli! Wengine wakasema anafuga majini, ila majini yake yana adabu, yanalala kwenye kopo la biskuti.

Aliyemwelewa alikuwa mmoja tu, binti yake Erica, mtoto wa pekee, mwenye miaka tisa. Akitoka shule alikaa juu ya kreti la soda, kiwiko kwa kiwiko na baba yake, na kazi aliyojitwalia ilikuwa macho. Jairo alipaka nguo na ngozi, Erica akapaka macho. Na aliyapaka vibaya, Mungu amrehemu. Jicho la kulia likawa kubwa, la kushoto dogo, tena yote ya bluu.

"Watu hawana macho ya bluu, Erica."

"Hawa siyo wa kwetu, baba."

"Na hili jicho moja mbona limekuwa sahani?"

"Anakonyeza."

Basi jeshi zima la Jairo likawa linakonyeza, na baba mtu akawa mtu mwenye furaha kuliko wote waliomcheka.

Mwezi wa tatu mwaka 2006, katika mvua kubwa, Erica akashikwa na homa. Siku ya kwanza ilikuwa homa ya kawaida. Siku ya pili ikapanda kichwani. Kisanamu kilichokuwa mezani wakati ule kilikuwa cha msichana aliyevaa joho lenye kofia, mkono mmoja ameinua taa, na uso wake ulikuwa tayari umepakwa rangi ya maji ya kunde ila macho hayajawekwa. Erica alimwita baba yake kitandani akamwambia kwa sauti iliyokauka, "Huyo wa taa usimguse macho. Nitampaka mwenyewe nikipona." Siku ya tatu, alfajiri, akafariki.

Walimzika kwao Isongole, kwenye vilima vya Ileje, na Jairo alirudi Tunduma akiwa ganda. Tupokigwe, mkewe, alikuwa na mimba changa. Alilia mchana kutwa, akalia akipika, akalia akifua, na kulia huko kulimsaidia. Jairo hakulia. Kilichomkosesha raha ni kwamba jina la mtoto lilikuwa bado linaitwa kila saa bila mwenyewe. Baba Erica, saa yangu imekuwa tayari? Baba Erica, umelala salama? Naye aliitikia.

Sasa, kwenye ukoo wa akina Kibona, jina la marehemu haliachwi litangetange. Siku ya kuondoa tanga, shangazi mkubwa wa ukoo huliita mara tatu juu ya mtoto mchanga, na mama wa mtoto huitika kwa niaba yake. Hapo jina limepata pa kukaa, na aliyekufa anapumzika. Felix, kaka yake Jairo, alikuwa amepata binti wiki mbili kabla ya msiba. Mtoto hakupewa jina, akawekwa kulisubiri la Erica. Watu wamekaa, maji yameletwa, Shangazi Ruti amefungua kinywa, Jairo akasimama.

"Mwanangu alikuwa mmoja," alisema. "Jina lake halitavaliwa na mtu kama koti la mtumba."

Mke wa Felix aliinamisha kichwa juu ya mtoto wake. Shangazi Ruti, mama mwenye sauti ya chini ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka, alisema tu, "Jairo, jina siyo la kwako peke yako." Lakini mfiwa hagombezwi. Watu wakatawanyika, na jina likabaki halina mtu.

Mwezi wa sita, kwenye ile baridi ya kipupwe yenye jua kali, Jairo alikaa mezani saa saba mchana. Tangu msiba hakuwa amegusa kisanamu hata kimoja. Siku hiyo alimtoa msichana wa taa. Alimtazama kwa lenzi, akauona uso ule usio na macho, akaona ni aibu kumwacha mtoto hivyo. Alichovya ncha ya pini kwenye rangi nyeupe, akaweka nukta mbili. Akasubiri zikauke. Akachukua kahawia. Alitaka ayaweke sawasawa, yenye umbo la macho ya binti yake, makubwa kidogo, yenye kope nzito.

Hakuwa amepanga kusema kitu. Ila kinywa chake kilikuwa na njaa ya jina lile. Akaliita polepole, kama anavyoita shangazi.

"Erica."

Akapaka jicho la kushoto.

"Erica."

Akapaka la kulia.

"Erica."

"Abee."

Sauti ilitoka mezani. Ndogo, ya karibu, kama ya mtu aliye ndani ya kopo. Jairo hakuruka. Pini ilibaki mkononi. Nje lori lilipiga honi na mtu akacheka, na jua lilikuwa palepale kwenye meza.

Tuseme ukweli, hakuogopa. Alifurahi. Alilia kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu, paji la uso limelalia meza, na hakumwambia mtu.

Tangu siku ile, kila saa saba, alifunga mlango wa kibanda akamwita. Naye aliitika. Hakusema kingine chochote, ni "abee" tu, lakini baba aliyefiwa haombi hotuba. Alimsimulia habari za malori, za mwalimu wake aliyehamishwa, za mdogo wake anayekuja. Alipotaja mdogo wake, msichana wa taa hakuitika hata alipoitwa mara nne.

Kesho yake Jairo alimkuta amegeuka. Alikuwa amemwacha akitazama dirisha, sasa alitazama ukuta. Akamgeuza. Siku iliyofuata akamkuta ameuelekea tena ukuta uleule, ule wa mbao unaotenganisha kibanda na chumba cha kulala. Na wale wengine, mifupa, mijusi, askari wenye pembe, wote thelathini na moja, walikuwa wamempa mgongo. Jairo alijiambia ni panya.

Mwezi wa tisa, Tupokigwe, tumbo limeshakuwa zito, alijilaza kidogo baada ya chakula cha mchana. Jairo alikuwa uani ananawa mikono. Akasikia anaitwa kwa mnong'ono.

"Baba Erica. Njoo. Polepole."

Aliingia. Mkewe alikuwa amelala chali, macho yamemtoka, hathubutu kusogea. Juu ya tumbo lake, kwenye kilele kabisa, alisimama msichana wa taa. Wima. Tumbo lilipanda na kushuka kwa pumzi, na yeye hakutikisika. Uso wake ulikuwa umeinama, taa ameishusha karibu na kitenge, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

Jairo anajua, kwa sababu ndiye aliyemuunga, kwamba mkono ule wenye taa alikuwa ameugundisha juu.

"Ni mimi nilimsahau hapo," alimwambia mkewe.

"Muongo," Tupokigwe alinong'ona.

Alimfungia kwenye kopo la biskuti. Ungedhani hapo angeacha. Lakini uchungu wa mwana haufungiwi kwenye kopo, na kesho yake saa saba mfuniko ulifunguliwa na jina likaitwa.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi, wa kike, kilo tatu kasoro. Hakulia. Wakunga walimpiga makofi ya nyayo, akapumua, akanyonya, lakini hakutoa sauti na hakufumbua macho. Walisema ni uvimbe, utaisha. Siku ya nne daktari alimfunua kope kwa vidole akamulika. "Macho yapo, tena mazima," alisema, akakuna kichwa. "Basi tu hataki kuyafungua." Wakarudi naye nyumbani.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Mtoto alikuwa anapungua, mashavu yanaingia ndani, ngozi ya mapaja inalegea. Tupokigwe alimbeba kutwa nzima akimwimbia, akimpulizia kope kwa pumzi. Na kwa kuwa alikuwa naye kila dakika, ndiye aliyegundua. Kila siku, saa ileile, mtoto alikuwa akiacha ziwa. Alitulia kama anayesikiliza. Kisha midomo ikacheza.

Siku ya kumi na sita Tupokigwe alitega sikio. Kutoka ng'ambo ya mbao alisikia mumewe anaita, "Erica." Na kwenye mapaja yake, mtoto wa siku kumi na sita, macho yamefungwa, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, alitamka bila sauti, polepole, akilifunga neno kwa midomo na kulifungua.

Abee.

Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka, akatuma ujumbe Isongole kwa simu ya Nesta.

Shangazi Ruti alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, na kikapu cha ndizi kichwani. Hakutaka hata chai. Alimtazama mtoto, akamrudishia mama yake, akaenda kukaa kwenye kreti la soda pale kibandani.

"Shikamoo, shangazi," alisema Jairo.

"Marahaba. Jina la mwanao umelipeleka wapi?"

Jairo alitaka kuficha, ikashindikana. Alifungua kopo akamweka msichana wa taa mezani, akaeleza yote, macho, mara tatu, sauti. Shangazi alimsikiliza mikono imekaa mapajani. Jairo alipomaliza, shangazi alikuwa analia.

"Mwanangu, ulimwita akaitika," alisema. "Ulitaka akae wapi? Hapo hapana damu, hapana maziwa. Alitafuta mwili wa karibu, na wa karibu ulikuwa tumboni kwa mkeo. Hana ubaya. Ni mtoto anatafuta pa kulala. Lakini wawili hawawezi kutumia macho mamoja."

"Nimpe huyu mdogo jina, basi. Niwe nao wote."

"Ukimpa leo, atakayefumbua macho siye aliyezaliwa juzi." Shangazi alifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Binti wa Felix ana miezi minane. Mpaka leo anaitwa Mtoto. Yule jina aliwekewa toka mwanzo, hatalivaa kwa kunyang'anya. Wamekusubiri, Jairo. Hakuna aliyekusema."

Jairo aliuliza nini cha kufanya, ingawa alishajua.

"Wewe ndiye uliyemfumbua. Mfumbe wewe. Na usimwite. Hata kwa kumuaga, usimwite."

Saa saba ilifika. Jua likaingia dirishani. Tupokigwe alisimama mlangoni na mtoto kifuani. Jairo alisokota pamba kwenye njiti, akaichovya kwenye petroli ile anayosafishia saa, akavaa lenzi.

Alitamani asingeivaa. Yeye alikuwa ameyapaka macho yale yakitazama mbele. Sasa hayakutazama mbele. Yalitazama chini. Erica alipokuwa akigombezwa ndivyo alivyokuwa akifanya, hasemi kitu, hajitetei, anatazama vidole vya miguu yake mpaka yaishe.

Mkono wa Jairo ulikosa shabaha mara mbili. Huu ni mkono uliokuwa ukishika springi ya saa nyembamba kuliko unywele. Alimwambia moyoni kwamba hakukosa kitu. Kwamba baba ndiye aliyekosa.

Akafuta jicho la kushoto.

Mtoto mlangoni akashtuka mwili mzima.

"Abee," ilisema sauti mezani, ingawa hakuna aliyeita. "Abee, baba."

Tupokigwe aliisikia. Akashika nguzo ya mlango. Ilikuwa sauti ya mwanawe.

"Futa," Shangazi Ruti alinong'ona. "Futa, mwanangu. Futa."

"Abee."

Akafuta la kulia.

Kilio kilichotoka kwa yule mchanga kilisikika hadi kwa Nesta, na sisi majirani tulitoka nje tukidhani kuna msiba mwingine. Tulipofika tulimkuta Jairo amekaa chini kwenye vumbi la mbao, pamba mkononi, na mtoto analia kwa hasira zote za siku kumi na saba, macho wazi, meusi tii, anamtazama kila mtu kwa zamu.

Jumapili iliyofuata walikwenda Isongole. Shangazi Ruti aliliita jina mara tatu juu ya binti wa Felix, na mke wa Felix akaitika kwa niaba yake. Jairo ndiye aliyemshika mtoto. Alimshika mpaka mwisho, kisha akamrudisha kwa mama yake akaenda kusimama nyuma ya zizi peke yake kwa muda mrefu. Mtoto wao mchanga wakamwita Lusubilo.

Kuhusu msichana wa taa, shangazi alisema asichomwe wala asitupwe. Alimviringisha kwa kitambaa, akamlaza kwenye kopo pamoja na wenzake, akalifunga kopo kwa uzi na fundo la kwao. Alikataza jina lile kutajwa ndani ya nyumba hiyo. Tupokigwe alitupitia nyumba kwa nyumba kutuomba tusimwite tena mumewe Baba Erica. Tukaanza kumwita Baba Lusubilo. Miezi ya mwanzo hakuwa akiitika.

Nilichobakiza ni alichonionyesha Jairo mwenyewe, sikukuu za Krismasi mwaka uleule. Alikuwa ameamua kuvipeleka visanamu Isongole, akavizike karibu na kaburi. Fundo la shangazi lilikuwa halijaguswa. Alilikata kwa wembe. Wale thelathini na moja walikuwa hawampi mtu mgongo tena. Walikuwa wamesimama duara, na katikati yao, kitambaa kimekunjwa vizuri pembeni kama shuka la mtoto aliyefundishwa kutandika, alisimama msichana wa taa, mkono umeinuliwa juu.

Alikuwa na macho.

Yalikuwa ya bluu. Jairo alichukua kile kizibo cha soda cha rangi ya bluu, kilichokauka tangu mwezi wa tatu kikawa kigumu kama jiwe. Katikati kilikuwa kibichi. Pembeni mwake, juu ya meza, palikuwa na alama ya kidole gumba. Haikuwa ya mtu mzima, na Lusubilo alikuwa bado hajui hata kushika kijiko.

Alivaa lenzi akatazama kwa muda mrefu, kisha akanipa na mimi nitazame. Rangi ilikuwa imejaa mno, imemwagikia shavuni. Jicho la kushoto lilikuwa dogo. La kulia lilikuwa kubwa kama sahani.

"Alisema atampaka mwenyewe," Jairo alisema.

Alikuwa anatabasamu na machozi yanamchuruzika hadi kidevuni. Aliinama karibu na kile kisanamu, akafungua kinywa amwite.

Chumbani, ng'ambo ya mbao, Lusubilo aliyekuwa akibwabwaja akanyamaza ghafla, kama anayesikiliza.

Jairo akakifunga kinywa.